Ua la Majivu

Sura ya Nane

Mtu aliyeposa haji ukweni Jumanne asubuhi. Anakaa kwao, anajikaza, anajifanya ana shughuli nyingi, mpaka siku ya jibu ifike na wazee wake waende kulipokea. Hilo Mustapha alilijua vizuri, maana mama yake, Bi Mwanahija, alikuwa akimkumbusha asubuhi na jioni tangu posa ipelekwe. Jibu lilipangwa kutolewa Ijumaa. Na kwa jinsi Mzee Maduhu, baba yake Minza, alivyokuwa akitabasamu peke yake wiki ile, hata mbuzi wa kijiji cha Mwamkulu walikwishajua jibu lenyewe.

Kwa hiyo Minza alipoona bodaboda inakata kona kwenye uzio wa minyaa, na nyuma ya dereva amekaa Mustapha na mkoba wake wa turubai, moyo wake haukufurahi. Ulishuka. Alikuwa nyuma ya jiko anasugua sufuria kwa majivu. Akaiweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamsubiri pale pale.

Siku zote macho ya Mustapha yalikuwa yanamtafuta kabla miguu yake haijagusa ardhi. Leo alimlipa dereva, akasimama anaangalia viatu vyake.

"Mzee yupo?" aliuliza.

"Yuko zizini. Umefuata nini Jumanne, Mustapha? Mama akikuona atasema unatuletea nuksi."

"Nataka kuongea na wewe kwanza. Halafu na yeye."

"Mama yako amebadili mawazo."

Hilo ndilo lililomjia kwanza, na nani angemlaumu? Bi Mwanahija alikuwa na duka lake mjini, Makanyagio, la sukari, sabuni na kanga, na kwa miezi kadhaa alisema hakumsomesha mwanawe ili akanuke samadi. Alikubali mwezi wa Ramadhani uliopita, tena kwa shingo upande. Alisema binti aje basi, lakini aje akijua swala. Minza alikuwa ameshaanza kujifunza kimya kimya, akisomeshwa na Mustapha kwenye simu, na baba yake alijifanya hasikii.

"Si mama," Mustapha alisema.

"Basi una mwanamke mwingine. Sema tu, nisikie mara moja."

"Minza." Alilitaja jina lake taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo ambao hataki uvunjike. "Ni lile ua. Majibu yamekuja jana."

Minza hakuuliza ua gani. Kati yao wawili kulikuwa na ua moja tu.

Novemba ya mwaka jana Mustapha alikuwa hajawa mchumba wa mtu. Alikuwa kijana wa dukani aliyesomea misitu, akapata kazi ya muda ya kukusanya maua ya mbugani kwa ajili ya kitabu. Watu wa Mwamkulu waliicheka kazi hiyo mpaka wakachoka. Mwanaume mzima anachuma maua, anayalaza ndani ya magazeti ya zamani, anayabana kwa mbao mbili na mikanda, halafu anakaa chini anaandika kila moja limeota wapi, kwenye udongo gani, jirani na majani gani, na lilikuwa na rangi gani kabla halijanyauka. Minza alicheka na wenzake siku ya kwanza. Siku ya pili alimwonyesha njia. Siku ya tatu alijipaka mafuta miguuni kabla ya kwenda kuteka maji, na mama yake akajua kuna jambo.

Kisha ikaja siku ile. Shadrack, kaka yake Minza, alikuwa amekwenda Majimoto kwa wakwe zake watarajiwa, kupanga lini wapeleke ng'ombe wa mahari, hivyo kazi ya kuchunga ikamwangukia Minza. Mbuga ya upande wa mashariki ilikuwa imeungua Oktoba, imebaki nyeusi tii, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshapita. Juu ya weusi ule yalikuwa yamechomoza maua meupe, kila moja limesimama peke yake kwenye kikonyo kisicho na jani, na mgongoni mwa kila petali kuna mstari wa kijani. Wachungaji wanaliita ua la majivu. Mustapha aliyaona kwa mbali akasimama kama mtu aliyeitwa.

"Twende tukayaone kwa karibu," alisema.

"Ng'ombe hawaingii kule mpaka mvua ya tatu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Ndivyo bibi alivyokuwa anasema. Mbuga iliyoungua unaiacha kwanza inywe mvua tatu."

Mustapha hakumcheka bibi. Alitoa kitabu chake mkobani, akapekua, akamwekea picha mbele ya macho. "Hili hapa, umeona? Halina neno. Wameandika kabisa, hata mifugo ikila." Kisha akamtazama. Minza alikuwa na miaka ishirini na mbili, na katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumfungulia kitabu ili kumshirikisha kilichomo. Akawaswaga ng'ombe wakaingia mbugani.

Walikaa kule mpaka jua likapinda. Mustapha alianza kuchimba ili alitoe ua zima, lakini udongo ulikuwa mgumu, na Minza alikuwa anamsimulia vituko vya Shadrack siku aliyoogopa kuvuka mto mbele ya wakwe zake. Akacheka, akakiacha kijembe chake, akalikata ua juu ya ardhi. Sasa, kila anayesomea mimea anaambiwa mapema kabisa kwamba ua la namna ile lina kitunguu chini, na kitunguu hakiachwi, maana juu ya ardhi yapo yanayofanana kama mapacha na tofauti yao imezikwa. Mustapha aliambiwa. Siku ile hakuwa anafikiria vitunguu.

Kesho yake ng'ombe watatu walishindwa kusimama. Walitoka mate, wakatetemeka miguu ya nyuma, wakalala upande. Siku ya tatu walikuwa wamekufa kumi na mmoja, na humo wakaisha wale waliotengwa kwa mahari ya Shadrack. Mtaalamu wa mifugo alisema ni sumu, ila sumu gani hakuweza kusema. Mzee Maduhu alipomuuliza binti yake aliwachungia wapi siku ile, Minza alijibu kwamba alikuwa karibu na lambo. Angejibu nini? Binti hamwambii baba yake kwamba alishinda mbugani na mwanaume.

Uongo ule mdogo ukamwangukia mtu mwingine. Siku chache nyuma, Melkiadi, jirani yao, mkulima wa tumbaku, alionekana akisuuza bomba la dawa pembeni mwa lambo. Mzee Maduhu akaunganisha mambo mawili, akapata sumu yake. Yeye alikuja Katavi na ng'ombe kutoka Usukumani, Melkiadi alikuja na jembe kutoka Ufipa, na kwa miaka ishirini na mitano walikuwa wakiazimana kila kitu, kuanzia chumvi mpaka maksai. Mkewe Melkiadi, Mama Emerensiana, ndiye aliyemkata Minza kitovu. Tangu siku ile wanaume hao wawili hawakusalimiana tena. Mahari ilipokosekana, wakwe wa Majimoto wakamwoza binti yao kwa mwingine, na Shadrack akaenda huko huko kulima mpunga wa watu, kwa sababu ambazo hakutaka kumweleza mtu.

Na Mustapha, katika siku zile tatu za vifo, alikuja bila kuitwa. Alichimba mashimo ya kuzikia ng'ombe mpaka viganja vikachubuka. Hapo ndipo Mzee Maduhu alipoanza kumpenda.

"Majibu gani?" Minza aliuliza sasa.

Mustapha akaketi juu ya kinu kilicholazwa. "Wiki mbili zilizopita, mvua ya kwanza iliponyesha juu ya mbuga iliyoungua tena mwaka huu, nilirudi kule mbugani peke yangu. Nilichimba mpaka nikapata vitunguu viwili. Nikawapelekea wataalamu wa mimea picha, na kimoja nikakituma kwa basi. Jana wamenijibu. Silo nililokuonyesha kitabuni. Linafanana nalo juu tu. Hili linasimamisha moyo wa ng'ombe. Wamesema ni hatari zaidi mahali palipoungua, kwa sababu linatangulia kutoka kabla ya majani, na ng'ombe mwenye njaa halibagui."

Minza alikaa chini, kwenye udongo, mbele ya sufuria yake.

"Kwa hiyo tuliwaua sisi," alisema.

"Mimi. Wewe ulikataa. Mimi ndiye niliyekufungulia kitabu."

"Mimi niliwaswaga." Alichota majivu, akayaachia yakatiririka. "Niliacha la bibi nikashika lako. Ulilisema vizuri mno, Mustapha."

Upande wa pili wa nyumba walisikia Mzee Maduhu akipiga mluzi, akiwatenga ndama.

"Ilikuwaje ukarudi kuchimba?" Minza aliuliza ghafla. "Mwaka mzima umepita. Nani alikwambia urudi?"

Swali lile ndilo alilokuwa analiogopa, na usoni lilionekana.

"Waliniandikia," alisema. "Ua la kwanza walilipokea wakasema hawawezi kulitambua bila kitunguu. Kwamba linaweza kuwa hili, linaweza kuwa lile. Wakataka nilete jingine msimu ukifika."

"Walikuandikia lini?"

"Machi."

"Machi."

"Nilijiambia ni mambo ya karatasi. Nilijiambia tayari imeshasemwa ni dawa ya tumbaku, watu wazima wamesema, mimi ni nani. Minza, wakati ule baba yako ndiyo kwanza ameanza kuniita mwanangu."

"Kwa hiyo tangu Machi, ukija hapa, ukinywa maziwa ya baba, Melkiadi akipita barabarani na baiskeli yake anaangalia pembeni, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nashuku."

"Ulikuwa unajua na hukuniambia hata mimi."

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Minza aliinamia sufuria yake. Maana naye alikuwa na lake. Mwaka mzima alikuwa akikutana na Mama Emerensiana kisimani, anaangalia ndoo yake, anaitikia salamu kwa sauti ambayo haikuwa yake. Naye alikuwa akijua kwamba lile la lambo ni uongo wake. Aliuacha ukae kwa sababu ile ile. Wote wawili walikuwa wamejijengea nyumba, na msingi wake ulikuwa mgongo wa Melkiadi.

"Usiseme," alisema kwa sauti ndogo. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Nakuomba. Zimebaki siku tatu tu Ijumaa ifike. Tuoane kwanza. Hao ng'ombe wameshakufa, Mustapha, kusema hakutawafufua. Tukiwa na mtoto tutamwambia, hata akikasirika atakuwa na mjukuu mkononi."

Mustapha alimshika mkono, wenye majivu hivyo hivyo. Alikuwa hajawahi kumshika mkono hapo nyumbani kwao.

"Nilikuja na wazo hilo hilo," alisema. "Njia nzima kutoka Makanyagio. Lakini jana baba yako alinipigia simu. Alikuwa na furaha. Ameniambia kesho alfajiri anawapeleka ng'ombe wote mbuga ya mashariki, anataka niende naye."

"Haiwezekani. Mvua ya tatu bado."

"Anasema mvua ya tatu siku hizi inakuja Desemba, watakuwa mifupa mitupu. Na lambo hataki hata kulisikia, kwa kuwa lina dawa. Kule mbugani kuna madimbwi."

Minza akamwachia mkono. Akainuka, akajipangusa, akazunguka nyumba kuelekea zizini bila kumwambia amfuate, lakini Mustapha akamfuata.

Mzee Maduhu alikuwa ameegemea mlango wa zizi, mtu mrefu aliyekonda, mwenye kofia ya pama ambayo umri wake ulikaribia wa Minza. Alimwona Mustapha akacheka mpaka jino la pembeni likaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindwa kungoja Ijumaa? Sisi zamani tulingoja mpaka tunakonda."

"Baba," Minza aliwahi. Alikuwa amepanga kusema nusu. Nusu ingetosha, alijiambia, na nusu nyingine ingebaki yao wawili. "Kesho usiende mbuga ya mashariki. Ngoja mvua ya tatu, kama alivyokuwa anasema bibi."

"Bibi yako alikuwa na mvua za kuhesabu. Hizi za siku hizi?" Alitikisa kichwa. "Ng'ombe wanakula vumbi, mwanangu."

"Basi wanywe lamboni na wale huku huku."

Uso wa mzee ukabadilika kidogo. "Lambo la Melkiadi sinyweshi hata mbwa. Yule mtu namshukuru Mungu sikumfanyia kitu kibaya siku ile, mkuki nilikuwa nao mkononi. Ametuulia ng'ombe, amemkosesha kaka yako mke, halafu anapita hapo hata kuja kusema samahani hataki. Mtu niliyekula naye miaka yote hiyo."

Alikuwa anaangalia barabarani alipokuwa akisema. Ng'ambo, kwenye shamba lake, Melkiadi alikuwa ameinama anapandisha matuta peke yake. Minza aliona jinsi baba yake alivyomtazama, akaelewa jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuliona. Ile haikuwa chuki tu. Baba yake alikuwa amempoteza rafiki, na alikuwa na uchungu naye kuliko ng'ombe.

Nusu isingetosha. Ili aseme nusu, ilibidi Melkiadi abaki muuaji.

"Baba, siyo lambo," alisema. "Siku ile sikuwapeleka lamboni. Niliwapeleka mbuga ya mashariki. Nilikuwa na Mustapha. Wamekula ua la majivu."

Ndama mmoja alikuja akalamba mkono wa Mzee Maduhu uliokuwa juu ya mlango, akauacha alambe.

"Rudia," alisema.

Alirudia. Safari hii hakuacha kitu. Alisema kitabu, alisema picha, alisema jinsi alivyojua katazo la bibi na akalivunja. Alipofika Machi akasita, akamtazama Mustapha, na Mustapha akalichukua neno pale pale.

"Kuanzia hapo ni la kwangu, mzee. Machi niliambiwa huenda nilikosea. Nikanyamaza. Jana ndiyo nimethibitisha."

"Nionyeshe hilo ua."

Mustapha akafungua mkoba. Akatoa mbao zake, akalegeza mikanda, akafunua gazeti. Ua lilikuwa limelala limebanwa bapa, weupe wake umeshaanza kuwa manjano, mstari wa kijani bado upo, na chini yake kile kitunguu kilichopasuliwa katikati ili kikauke. Mzee aliliangalia bila kuligusa.

"Marehemu mama yangu alikuwa akilizunguka kwa mbali," alisema. "Nilikuwa nadhani ni mambo yake ya kizee." Kisha akainua macho. "Ulinichimbia mashimo siku tatu. Siku zile ulikuwa unajua?"

"Hapana, mzee. Siku zile sikujua. Naapa."

"Nakuamini. Kukosea, hata mimi nimekosea, nimemkosea Melkiadi kuliko wote. Ungekuja kwangu siku ya nne ukasema, mzee, nimekuulia ng'ombe, ningekupiga, halafu ningekupa maziwa. Lakini kutoka Machi mpaka leo ni miezi minane. Miezi minane umekaa kwenye kigoda changu, unanisikia nikimtukana mtu asiye na kosa, unaitikia ndiyo mzee. Huyo siwezi kumpa binti yangu. Siku moja atakuwa anajua kitu kinachomuua mwanangu, atanyamaza ili nisimchukie."

"Baba," Minza alisema, "na mimi nilinyamaza. Mimi ndiye niliyesema lambo."

"Wewe nimekuzaa, ng'wanone, mwanangu. Sina pa kukurudisha." Hapo ndipo Minza alipoona machozi ya baba yake kwa mara ya kwanza. Hakuyaficha wala hakuyafuta. Akavaa kofia yake vizuri. "Mustapha, mwambie baba yako, Mzee Yunusi, asijisumbue kutuma watu Ijumaa. Mwambie sina ugomvi naye. Minza, jiandae. Tunakwenda kwa Melkiadi, na utayasema haya kwa mdomo wako."

Akatangulia kuelekea barabarani, taratibu.

Wakabaki wawili mbele ya zizi. Mustapha alikuwa amepiga magoti, anarudisha gazeti juu ya ua. Akakwama. Chini ya gazeti kulikuwa na karatasi ya maelezo, ameijaza nusu.

"Kuna sehemu moja sijaandika," alisema bila kuinua kichwa. "Mazingira. Wanataka kujua linaota mahali pa namna gani. Mwaka jana niliandika hovyo. Wewe ndiye unayejua, Minza. Ulikuwa unajua tangu mwanzo."

Minza angeweza kugeuka akaondoka. Alichuchumaa mbele yake, karibu, kama walivyokuwa siku ile mbugani.

"Andika udongo mweusi," alisema. "Ule unaopasuka kiangazi."

Akaandika.

"Andika pembeni mwa mbuga, siyo katikati. Katikati maji yanasimama, linaoza." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kanga, akayaacha. "Linatoka palipoungua. Pasipoungua hulioni kabisa. Mvua ya kwanza linachomoza na kuchanua. Ya pili linajaa kote. Ya tatu majani yameshalipita urefu, ng'ombe wanapata kingine cha kula, hawalitafuti tena."

"Polepole," Mustapha alisema. "Mvua ya tatu."

"Majani yameshalipita urefu."

Mustapha alipomaliza akaigeuza karatasi ili Minza aone kama ameandika sawa. Minza akaisoma mstari kwa mstari. Jina la kienyeji, ua la majivu. Mahali, Mwamkulu, mbuga ya mashariki. Chini kabisa palikuwa na neno Wakusanyaji, na mbele yake majina mawili, Mustapha Yunusi na Minza Maduhu.

"Umeniandika tangu lini?"

"Tangu la mwaka jana. Siku ile ile niliporudi nyumbani. Ndivyo inavyotakiwa, aliyekuonyesha anaandikwa." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nilikuwa nataka kukuonyesha siku ya harusi."

"Na karatasi hizi zinakaa wapi?"

"Dar es Salaam, kwenye makabati ya chuma. Wanasema zipo za zaidi ya miaka mia." Akaishika kalamu juu ya jina la Minza. "Nilifute?"

"Minza," baba yake aliita kutoka barabarani. Hakuita kwa ukali.

Minza aliuweka mkono wake juu ya mkono ulioshika kalamu, akausukuma pembeni. "Liache," alisema. Kisha akainuka, akaenda.

Hakugeuka nyuma. Aliisikia mikanda ikikazwa, na baadaye kidogo, hatua za Mustapha zikielekea njia ya mjini kwa miguu. Mbele yake, baba yake alikuwa ameshafika ukingoni mwa shamba la tumbaku. Melkiadi aliwaona, akaacha jembe limesimama kwenye tuta, akangoja. Mzee Maduhu akavua kofia yake ya pama, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Melkiadi," alisema, "nimekuja na mwanangu. Ana neno, na mimi nina langu baada yake."

Melkiadi alimtazama yule rafiki yake wa miaka ishirini na mitano, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mama Emerensiana," alisema, "tuletee vigoda."

Ijumaa hakuna wazee waliotoka Makanyagio. Cheti cha ndoa ambacho kingebeba majina yao mawili hakikuandikwa mwaka ule, wala uliofuata, wala baadaye. Lakini ile karatasi ipo. Imo kabatini, mbali na Mwamkulu, gizani, na juu yake limebanwa ua moja jeupe na kitunguu chake. Anayetaka kujua linaota wapi atasoma maneno ya Minza kwa mwandiko wa Mustapha, na akishuka mpaka chini atawakuta wote wawili wamekaa kwenye mstari mmoja.